Salamu ya Ghalib

Mwanarusi hakutaka kwenda Japani. Alilisema hilo mapema, akalisema tena wakati wa kufunga mizigo, na akalisema mara ya mwisho akiwa katikati ya ngazi ya meli pale Kilindini, chupa ya samli kwapani na buibui limemzonga miguuni. Mumewe, Ghalib, alimpa jawabu lile lile siku zote: "Utafurahi." Ghalib alikuwa mtu wa kujua furaha za wenzake kabla wenyewe hawajaziona.

Alikuwa serahangi wa makuli, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kusimamia upakuaji wa meli za Kijapani zilizoleta kanga, sahani za bati na baiskeli. Kila jioni alivuka maji kurudi kwake Mtongwe na habari mpya. Wajapani hula hivi, Wajapani hulala vile, nyumba zao hazina misumari. Watu wakamwita Mjapani, naye akaitika. Tena hakuleta habari peke yake, alileta na lugha. Alikuwa ameokota maneno kwa mabaharia, na lililompendeza kuliko yote lilikuwa bakayaro. Mabaharia walimwita hivyo kila asubuhi akipanda meli, wakicheka na kumpiga bega, naye akafahamu kwamba ndiyo salamu yao ya upendo, kama mtu kuambiwa sabalkheri ndugu yangu. Akamfundisha Tsuma, mvushaji wa pale kivukoni. Tsuma akawafundisha abiria. Haukupita muda, ikawa huwezi kupanda mashua Mtongwe bila kuambiwa bakayaro nawe ukaitika bakayaro. Wazee waliisema wametia mkono kifuani.

Mwanarusi peke yake ndiye aliyeikataa. "Mimi nina salamu zangu," alisema, "na zikinishinda nitanyamaza."

Sababu ya safari yenyewe ilikuwa ya heri, hilo hata yeye hakulikana. Siku moja seremala wa meli aliteleza akaanguka baina ya meli na tishari la kushushia mizigo, na kabla watu hawajamaliza kupiga kelele, Ghalib alikuwa amekwisha kujitupa majini na koti lake, akamshika yule mtu ukosi na kumshikilia mpaka kamba ikashuka. Kapteni wa meli, mzee mfupi aliyejua Kiswahili cha bandarini, aliapa kwamba iko siku atamchukua Ghalib na mkewe mpaka kwake Kobe na kuwarudisha, bila nauli. Watu walidhani ni maneno ya shukrani tu, yale ya kusemwa na kusahauliwa. Mwanzoni mwa mwaka wa arubaini, vita vya Wazungu vikiwa vimekwisha kuanza, kapteni alitia nanga akamtuma mtu kumwita Ghalib. Alisema hajui bahari itabaki wazi mpaka lini. Kama ni kwenda, ni sasa.

Basi wakaenda. Wakapewa pembe ya sitaha chini ya turubai, mahali pa kutandika mkeka na kuweka jiko. Ghalib aliyeyajua yote ya Japani alikuwa hajapata kuonja chakula cha Kijapani, na alipoletewa bakuli la kwanza alilinusa akalirudisha kwa adabu. "Mwanarusi atanipikia," alisema. Na kwa kuwa alikuwa mkarimu, akaongeza, "Na nyinyi karibuni."

Mabaharia wakakaribia. Kuanzia siku ile Mwanarusi alipika wali wa nazi kwa mumewe na kwa kila aliyemaliza zamu. Upepo ulimpeperushia majivu machoni. Jiko lilitaka kushikwa kwa mguu meli ikilala ubavu. Kolombo aliiona kwa kupitia moshi, na Singapuri aliisikia sauti tu, maana siku hiyo Ghalib alikuwa na wageni na papa mkavu alikuwa hajaiva.

"Ninavuka dunia nikiwa jikoni," alimwambia mumewe usiku.

"Ngoja tufike," Ghalib alisema. "Tukifika utaniona."

Bandari ya kwanza ya Kijapani ilikuwa Moji. Baridi yake ilikuwa kali, ya kuingia mifupani, na milima ilisimama karibu na maji kama watu waliokuja kupokea. Ghalib alivaa kanzu yake ya Idi, koti jeusi na tarbushi nyekundu, akajitia mafuta ya kunukia, akatangulia kushuka. Mwanarusi alimfuata amejifunika blanketi juu ya buibui. Chini ya ngazi alisimama afisa wa forodha mwenye glavu nyeupe, na nyuma yake askari wawili.

Ghalib alisimama mbele yake. Akatia mkono kifuani, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya mtu aliyengoja siku ile maisha yake yote, "Bakayaro."

Yule afisa aliuliza kitu kifupi. Ghalib akadhani hakusikika vizuri, labda kwa upepo. Akatabasamu zaidi, akarudia kwa nguvu, na safari hii akamnyooshea mkono.

Kofi lilimpata shavuni, tarbushi ikaruka ikaanguka majini. Askari wakamkamata huku na huku. Kapteni alishuka ngazi mbio, kofia mkononi, akainama, akainuka, akainama tena, akinena upesi upesi huku akimwelekeza afisa kwa Ghalib, kwa Mwanarusi, kwa meli na kwa mbingu. Ilichukua muda mrefu. Mwishowe walirudishwa juu wote wawili, na Moji yao ikaishia pale.

Juu ya sitaha kapteni alikaa kwenye fungu la kamba. Alikuwa na haya. "Ghalib," alisema, "hii neno hapana salamu. Hii neno mbaya. Maana yake mjinga. Mjinga sana, hapana akili."

Ghalib alikuwa bado ameshika shavu. "Lakini ndivyo mlivyokuwa mkiniita."

Kapteni alitazama viatu vyake.

"Miaka yote," Ghalib alisema.

Mabaharia waliokuwa karibu, wale waliokula wali wa Mwanarusi tangu Kilindini, mmoja baada ya mmoja wakakumbuka kazi mahali pengine.

Mwanarusi alimtazama mumewe kichwa wazi, mvi zake zikipeperuka, na moyo ukamwenda pande mbili. Alimhurumia. Tena alitaka kumshika mabega amtikise, kwa kuwa alimwambia, na Mungu ni shahidi alimwambia, kwamba neno usilolijua usilitie kinywani. Hakumtikisa. Akamfunga kilemba cha kanga yake kichwani asipate baridi, na siku ile mabaharia hawakupikiwa.

Mpaka Kobe Ghalib hakusema neno. Alilala ubavu ameelekea ukuta wa chuma, blanketi mpaka masikioni. Meli ilipofunga, mke wa kapteni alikuja kuwachukua, mwanamke mwembamba mwenye mwavuli wa karatasi. Aliinama mbele ya Mwanarusi. Mwanarusi akainama. Yule akainama tena, na Mwanarusi, asijue mwisho wake ni wapi, akainama naye, mpaka kapteni akawaambia yatosha.

"Baba Zubeda, inuka," Mwanarusi alimwambia mumewe. "Watu wamekuja."

"Waambie naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Miguu."

"Miguu haikupigwa kofi."

Ghalib alivuta blanketi likamfunika na kichwa.

"Nisikilize," Mwanarusi alisema, na ingawa alisema polepole, mke wa kapteni alirudi hatua nyuma. "Mimi sikuitaka Japani. Japani ni yako. Nimeila Japani na chai, nimelala nayo miaka yote, na nimevuka bahari hizi nikikupikia wewe na hao waliokuwa wakikucheka. Sasa iko hapa, mlango wazi, watu wamekuja na mwavuli, nawe wataka kuiona kwa mgongo. Utashuka ama hushuki?"

Chini ya blanketi Ghalib alikunja miguu.

"Haya. Basi nitakwenda kuiona mimi nisiyeitaka."

Akashuka. Alikuwa na hasira hata hakuogopa. Aliufuata ule mwavuli katika njia zilizopanda mlimani, akaona watu wamepanga safu ndefu nje ya duka la mchele, wamesimama kimya na vikapu vyao, na wanawake waliovaa nguo za kufifia kama watu wa matanga. Aliona pia, jambo ambalo Ghalib hakuwahi kulitaja kwa kuwa hakulijua, msikiti wa mawe wenye minara, uliojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi na wenzao. Aliomba ruhusa kwa ishara, akaswali adhuhuri katika nchi ya watu, na alipoweka paji la uso chini alijikuta hana la kuomba ila subira.

Nyumbani kwa kapteni walivua viatu, wakakaa juu ya mikeka. Na pale mkekani, amekaa kwa magoti na kanzu yake ya Kijapani iliyopigwa pasi, alikuwapo seremala.

Mwanarusi alimjua kwa kovu alilolipata kwenye tishari, juu ya jicho. Alikuwa ametoka kijijini kwake kwa gari la moshi, na ubavuni mwake alikuwa na kikapu cha machungwa madogo, ya maganda laini, kila moja limefungwa kwa karatasi. Alitazama mlangoni nyuma ya Mwanarusi. Akaendelea kutazama. Kapteni akamwambia jambo, na yule mtu akainamisha kichwa, akaweka mikono mapajani.

"Umemwambia nini?" Mwanarusi akauliza.

"Nimesema Ghalib mgonjwa."

"Si mgonjwa," Mwanarusi alisema. "Mwambie anuna. Mwambie achukue kikapu chake tufuatane."

Kapteni alitafsiri, sijui yote au nusu. Chakula kilikuwa kimeandaliwa, samaki na mchele kidogo ambao Mwanarusi, baada ya kuiona ile safu dukani, alijua umetoka mbali. Alikula chote kwa heshima, hata kilichomtia mashaka, baada ya kuapiwa kwamba si nguruwe. Kisha wakashuka mlima, mbele Mwanarusi, nyuma seremala na kikapu, nyuma yao kapteni akihema.

Ghalib alisikia nyayo, akajifanya amelala. Mwanarusi alilishika blanketi kwa pembe akaliondoa.

Seremala alipiga magoti juu ya chuma kitupu. Akaweka viganja chini, akainama mpaka paji la uso likagusa sitaha, akabaki hivyo. Ghalib aliinuka akakaa. Alifungua kinywa. Mwanarusi alimwona akitafuta neno, na akaona kila alilolifikia likimtia woga. Mwishowe aliinama akamshika yule mtu mabega, kama alivyomshika siku ile majini, akamkalisha. Wakatazamana. Seremala akalegeza karatasi ya chungwa, akalimenya, akampa. Ghalib akasema bismillahi, akala, akagawa nusu akamrudishia. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ile kanga iliyokuwa kichwani. Walikaa hivyo mpaka taa za bandari zikawashwa, kikapu kinapungua, na hapakusemwa neno la lugha yoyote.

Meli ilipofika Yokohama, Ghalib alishuka. Alitembea siku nzima pembeni mwa mkewe, mikono nyuma, kimya, akitazama tramu na maduka na watoto waliomfuata. Mwanarusi alimwonyesha hiki na kile, naye akatikisa kichwa. Katika miaka yote ya ndoa yao ilikuwa mara ya kwanza yeye kuwa msemaji, na akajiambia kwamba kama Japani imemtibu mume wake domo, basi safari haikuwa ya bure.

Japani haikumtibu. Waliporudi Kilindini na kuvuka kwenda Mtongwe, Tsuma aliwaona akiwa bado katikati ya maji, akasimama ndani ya mashua.

"Bakayaro, Mzee Ghalib," aliita.

Watu wa pwani wote wakageuka. "Bakayaro," wakasema, mikono vifuani, nyuso zimejaa furaha. Kulikuwa na wazee, kulikuwa na mwalimu wa chuoni. Mwanarusi alimtazama mumewe. Ghalib alitia mkono kifuani.

"Bakayaro," akaitika.

Usiku ule Mwanarusi alimwambia, "Waambie."

"Nitawaambia kesho."

"Unamtukana mwalimu."

"Hajui kwamba ametukanwa. Mtu asiyejua hajatukanwa."

"Na wewe pale Moji?"

Ghalib aligeukia ukuta. Kesho ikapita na kesho nyingine. Ghalib akarejea kusimulia, tena sasa kwa haki ya mtu aliyefika, na Moji katika hadithi zake ukawa mji ambao afisa wa serikali mwenyewe alimpokea ngazini. Mwanarusi alikuwa akitoka kwenda uani hadithi ikifika hapo.

Kisha Japani ikaingia vitani. Meli kubwa za kivita za Waingereza zikajaa Kilindini, taa zikafunikwa, na watu wakasimuliana kuhusu nyambizi zilizo nje ya mwamba. Mtongwe ikajaa askari wa majini. Na asubuhi moja askari hao, wakingoja kuvuka, waliwasikia wazee wa kanzu na wavushaji wakisalimiana kwa Kijapani.

Hawakuchelewa kuuliza ni nani aliyewafundisha, na hakuna aliyeficha. Tsuma alilitaja jina la Ghalib kwa fahari.

Walimchukua asubuhi ile ile. Mwanarusi alijitia buibui, akavuka kwenda kisiwani, akangoja nje ya ofisi mpaka miguu ikamvimba, ndipo akaitwa. Ghalib alikuwa amekaa kwenye kiti, kofia magotini. Nyuma ya meza alikuwa afisa wa Kizungu mwenye uso wa uchovu, na mkalimani kando yake.

"Bibi," mkalimani alisema, "bwana anauliza, mumeo anajua Kijapani?"

"Hajui," Mwanarusi alisema. "Hajui hata kidogo."

Ghalib aligeuza shingo. "Najua kidogo," alisema.

Mwanarusi alifumba macho. Alifikiri juu ya kamba na jela na vizuizi, na mume anayevitafuta kwa mikono miwili ili asionekane hana lugha. "Bwana afisa," alisema, "huyu anajua neno moja. Neno hilo ni tusi, na yeye mwenyewe alikuwa hajui ni tusi mpaka alipopigwa kofi kwa ajili yake mbele yangu."

"Si lazima uyaseme yote," Ghalib alinong'ona.

"Nitayasema yote, na la tarbushi nitalisema."

Akalisema. Alianza na tishari na seremala, akaja kwenye Moji, akaja kwenye kofi. Mkalimani alitafsiri akiuma midomo. Yule afisa, ambaye kumbe aliwahi kukaa Japani na alilijua neno lenyewe vizuri, alimwuliza Ghalib jambo moja tu: kwa nini, baada ya kujua, aliwaacha watu wake waendelee.

Ghalib aliizungusha kofia magotini. "Walifurahi sana kuniona," alisema.

Afisa aliinuka akaenda dirishani, akasimama amewapa mgongo, mabega yakimtetemeka. Aliporudi alimwachia, kwa sharti moja: aende Mtongwe akawaambie watu ukweli, na salamu ile isisikike tena pwani ile.

Siku ile ile, baada ya alasiri, Ghalib alisimama kivukoni. Watu walikuwa wengi, walikuja kumpa pole. Mwanarusi alisimama nyuma yake karibu kabisa, asije akapata pa kupenyea. Na kwa kweli Ghalib hakupenya. Aliwaambia yote, jinsi mabaharia walivyokuwa wakimcheka na jinsi alivyopigwa, na maana ya neno, akaomba radhi kwa wazee na kwa mwalimu. Mwanarusi alimwonea fahari, jambo ambalo hakulitarajia.

Tsuma ndiye aliyezungumza kwanza, polepole, kwa huruma.

"Wamekutisha, Mzee."

"Hawakunitisha. Ni kweli."

"Tunafahamu," Tsuma alisema, akiwatazama wenzake. "Hata mimi ningekuwa na askari nyuma ya mlango ningesema hivyo hivyo. Kwa neno la ujinga tu, serikali ingemkamata mtu?"

Wazee wakatikisa vichwa. Hilo lilikuwa na akili. Mwalimu alisema kwamba yeye binafsi anaamini neno lile lina nguvu, ndiyo maana linaogopwa.

"Wallahi ni tusi," Mwanarusi alisema. "Nilikuwapo mimi."

Walimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mke aliyengoja nje ya ofisi kutwa nzima. "Pole, Mama Zubeda," wakamwambia. "Allah atawalipa."

Wakatawanyika kwa heshima, na kila aliyepita mbele ya Ghalib alitia mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Hawakutoa sauti. Midomo yao ndiyo iliyocheza.

Ghalib alimgeukia mkewe. "Nimewaambia. Umenisikia nikiwaambia."

"Nimesikia."

"Sasa nifanye nini?"

Mwanarusi alipandisha buibui mabegani akashika njia ya nyumbani, wali ulikuwa haujawekwa. "Kwanza nyamaza," alisema. "Ukishanyamaza, tutatazama."

Ghalib alimfuata. Alinyamaza mpaka kwenye minazi ya kwanza, kisha akasema kwamba, kwa kweli, yule afisa alionekana kumheshimu.